Kula Mbele ya Anselme

Kitu cha kwanza kuniacha kilikuwa ladha ya chumvi. Baadaye ikaenda sukari, halafu kahawa, na mwishowe hata maji yakawa na ladha ya sarafu iliyokaa muda mrefu mfukoni. Nikadhani mtu akishapoteza ladha zote hana tena cha kupoteza mezani. Kumbe lilikuwa limebaki jambo moja.

Wamama wa kikundi chetu cha sala wameniomba niandike kwa sababu mwenzetu mmoja ameanza sasa njia niliyoipita, naye anaogopa. Sitaeleza mambo ya madaktari, maana siyajui. Mimi ni mwalimu mstaafu wa katekisimu. Nitaeleza tu yaliyonipata, tangu majani yalipoanza kuanguka mwaka juzi hadi majira haya ya baridi ninapoandika, na atakayeona linalomfaa na alichukue.

Ilianza na sauti. Nilikuwa naongoza rozari kila Alhamisi, na sauti yangu ikawa inakwaruza kama redio iliyokosa stesheni. Binti yetu Espérance, anayefanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya hapa Brussels, alinisikiliza siku moja akaweka mfuko wake chini.

"Maman, sauti yako iko inabadilika."

"Ni baridi tu."

"Baridi haiishake? Tangu mwezi wa nane, maman. Vaa koti."

Daktari alitwambia ni kansa ya koo. Mume wangu Anselme alikuwa ameketi kando yangu, fimbo katikati ya magoti, kofia mkononi. Aliizungusha kofia ile polepole, mzunguko baada ya mzunguko, hadi daktari alipomaliza kusema. Kisha akauliza swali moja: "Ataweza kusali kwa sauti?" Daktari akasema tutaona.

Mionzi walinipa kila siku ya kazi, majira yote ya baridi. Chumba cha kungojea kiko chini ya ardhi, hakina dirisha. Ukutani kuna picha kubwa ya msitu, na sisi tuliokaa chini yake tulizoea kuitazama kama watu wanaongoja basi la kwenda huko. Kulikuwa na Mama mmoja Mturuki, Emine, mkaaji wa mtaa wa Schaerbeek kama sisi. Kifaransa chake kilikuwa kidogo na changu kilikuwa kimekaukia kooni, basi tulizungumza kwa mikono. Siku yangu ya kwanza aliona natetemeka, akavua skafu yake ya sufu akanifunga shingoni bila kuuliza. Nilipotaka kuirudisha kesho yake alinipiga kofi dogo mkononi. Kulikuwa na mzee Mbelgiji, Mflemi, aliyekaa daima kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. Siku moja kiti kilikuwa kitupu, na siku iliyofuata pia. Hatukuulizana. Emine alikitazama, akanitazama, akafungua viganja vyake kuomba kwa namna ya kwao, nami nikafanya ishara ya msalaba.

Ndani, wanakulaza kwenye meza nyembamba na kukuvika kifuniko cha plastiki chenye matundu, kilichotengenezwa kwa kipimo cha uso wako. Wanakibana mezani ili kichwa kisicheze hata kidogo. Wewe unayeanza, nakuambia ukweli: mara ya kwanza nilidhani nimefungiwa jeneza la uso. Nilisali Salamu Maria moja baada ya nyingine, na nikagundua kwamba mashine humaliza kazi yake kabla sijamaliza fungu moja na nusu la rozari. Tangu hapo nilijua mwisho uko wapi, na woga ukapata mpaka.

Mwili ulibadilika. Ngozi ya shingo ilikuwa nyeusi zaidi, kisha ikachunika. Mate yakawa mazito kama gundi. Nywele za kisogoni zilibaki kwenye mto. Pete ya ndoa nilizungushia uzi ili isidondoke. Harufu ya ubani ilinichafua tumbo, mimi niliyekua ndani ya ubani, na padri akawa ananivunjia Ekaristi kipande kidogo mno na kunipa kwa tone la maji.

Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu, la sivyo mengine hayataeleweka.

Baba yangu alikuwa mwami, mtawala wa jadi, katika milima iliyo juu ya Ziwa Kivu. Katika nyumba ile, mtu wa damu ya mwami haonekani akila. Tulikula nyuma ya ukuta wa matete, kila mmoja peke yake, na hata mjakazi aliyeleta chakula aligeuza mgongo. Nilipokuwa msichana, Mwili wa Bwana pekee ndio niliokula mbele ya watu, na hata hapo nilijifunika uso kwa kitenge. Masista wa misheni walikuwa wameniambia Mungu haoni haya. Baba akasema yeye anaona.

Nilisoma kwa masista hao, na miaka michache baada ya uhuru, wakati wa mapigano, hospitali yao ilijaa askari. Walituomba wasichana wakubwa tusaidie. Ndivyo nilivyokutana na Anselme. Risasi zilikuwa zimevunja mguu wake wa kushoto na mikono yake yote miwili ilikuwa imeungua na kufungwa bandeji hadi viwikoni. Sista aliniwekea bakuli mkononi, akanionyesha kitanda.

"Mademoiselle, acha," alisema yule askari. "Mutoto wa mwami hawezi kunilisha miye."

"Fungua kinywa. Supu iko inapoa."

Akafungua kinywa, lakini akafumba macho.

"Juu ya nini unafunga macho?"

"Nasikia haya."

"Ukifunga, nitakumwagia kwenye pua."

Alicheka, na kicheko kikamuumiza mbavu, akalia na kucheka pamoja. Nilimlisha hadi msimu wa mvua ukaisha. Siku moja aliniuliza, "Na weye unakulaka saa ngapi?" Nikamjibu kwamba hilo hataliona siku hata moja. Nilikuwa namtania.

Alipopata magongo alipanda mlima kwenda kuniomba. Baba alimtazama kutoka kwenye kiti chake, wazee wote wakiwa wamekaa.

"Umekuja na mguu mumoja kutafuta mutoto wangu?"

"Ule wa pili uko nyuma, Mwami," Anselme akajibu. "Unakuja polepole."

Wazee walicheka hadi baba naye akaficha mdomo. Lakini alikataa. Alikaa kimya misimu miwili ya maharagwe, kisha akamwita tena. Sharti alilompa mbele ya wote lilikuwa hili: "Huyu ni wa nyumba hii hata akienda kwako. Hutamuona akila." Anselme akaapa.

Alikishika kiapo kile maisha yetu yote. Kule kwetu alinijengea ukuta wa matete kwa mikono yake yenye makovu. Vita vilipotufukuza tukaishi chini ya hema la plastiki, alitoka nje na kusimama kwenye mvua mpaka nimalize. Hapa Schaerbeek jikoni kuna mlango, basi yeye alikuwa na kigoda chake kwenye korido na redio yake ndogo. Nilipoketi kula, alikaa pale akisikiliza habari kwa sauti ya chini. Watoto nao walikua wakijua hivyo. Msidhani nilikuwa mfungwa. Mume wangu hakuwa mtu wa kusema maneno ya mapenzi. Lakini kila siku, mchana na jioni, aliinuka kwa taabu kwa mguu ule na kuniachia chumba. Mimi nililisikia neno lake hapo.

Sasa fikirini ugonjwa wa koo katika nyumba kama hiyo.

Msichana mmoja hospitalini, kazi yake ni kufundisha watu kumeza upya. Alinionyesha kuinamisha kidevu kifuani, kumeza, kisha kumeza tena kabla ya kuvuta pumzi. Kisha akasema: "Na kila mlo, madame, awepo mtu mbele yako. Anayekutazama. Chakula kinaweza kupita njia ya hewa." Nikasema ndiyo. Nilirudi nyumbani nikala peke yangu kama kawaida, mlango umefungwa, Anselme kwenye korido.

Ilikuwa mchana wa mvua nyembamba ile ya Brussels isiyonyesha wala kuacha. Nilikuwa na viazi vilivyopondwa na samaki kidogo. Samaki akapita vibaya. Nilitaka kukohoa, kikohozi hakikuja. Nilitaka kuita, sauti ya kuita ilikuwa imekwisha tangu Krismasi. Nikapiga meza kwa kiganja.

Nikasikia redio ikizimwa.

"Mama Espé?" Ndivyo alivyoniita sikuzote.

Nikapiga tena. Nikasikia fimbo yake ikigusa sakafu upande wa pili wa mlango, ikasimama. Mlango haukufunguka. Niliona kitasa. Niliona macho yangu yanaingia giza pembeni, na nikajua kwamba mume wangu amesimama pale na mkono wake juu ya kitasa na baba yangu, aliyekufa zamani, ameushika.

Kisha mlango ukafunguka. Aliniinamisha juu ya meza na kunipiga katikati ya mabega kwa kiganja kile cha kuungua, mara nyingi, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Samaki alitoka, akaanguka sakafuni. Mate yalinitiririka kidevuni, viazi vilikuwa kwenye nguo. Nilichukua kitambaa cha vyombo nikajifunika uso wote, na pumzi yangu ya kwanza niliitumia kusema neno moja, kwa ile sauti ya kukwaruza: "Toka."

Akatoka. Akafunga mlango taratibu.

Espérance alikuja jioni ile, akaambiwa. Sijawahi kumwona hivyo.

"Papa alisimama kwa mulango anasikia uko unakufa, juu ya kanuni ya watu walishakufa! Maman, hapa haiko kwa mwami! Hapa ni Schaerbeek!" Akamgeukia baba yake. "Na weye, papa, ulikuwa unangoja nini? Ruhusa?"

"Ndiyo," akasema Anselme.

Alisema kwa upole sana, na binti yetu akaketi chini akaanza kulia.

Siku zilizofuata karibu sikula kitu. Nilikunywa maji kwa kijiko. Mizani ya hospitali ilieleza yaliyobaki, na daktari akatuita wote watatu. Hakufoka. Alisema ama niwe na mtu wa kunitazama kila mlo, ama wanitoboe tumbo waweke mrija, na kwamba nikizidi kukonda itabidi wasimamishe mionzi kabla haijamaliza kazi. Alituambia maana yake: ugonjwa ungerudi. Espérance alikuwa na zamu za kazi, asubuhi wiki hii, usiku wiki ijayo. Mtu aliyekuwa nyumbani kila mlo alikuwa mmoja tu.

Tulirudi kwa tramu. Nyumbani niliketi kitandani nikasali, lakini sikujua niombe nini. Nimewafundisha watoto wengi kwamba Bwana alikula na watu. Alikula kwa wenye dhambi, alikula ufukweni, alipofufuka aliomba samaki akala mbele yao. Nilifundisha hayo kila mwaka kisha nikarudi nyumbani na kufunga mlango. Haikuwa aibu ya chakula iliyonizuia sasa. Niliogopa kwamba asipotoka tena, hatakuwa na njia ya kuniambia lile alilokuwa akiniambia kwa kutoka.

Anselme aliingia akakaa kando yangu. Alipumua kwanza, maana ngazi zetu zilikuwa zimeanza kumchosha.

"Nilimuahidi baba yako kwamba sitakuona ukikula," alisema. "Sikumuahidi nitakuacha ukufe. Bon. Nimefikiri sana. Nikikutana naye kule, nitamuambia miye mwenyewe. Alinisamehe mguu, atanisamehe na hii."

Niliinuka, nikaenda jikoni, nikavuta kiti cha pili.

Ulikuwa uji mwepesi wa mahindi. Anselme aliketi upande, uso kwenye dirisha, akitazama mabomba ya nyumba ya jirani. Niligonga bakuli kwa kijiko. Hakugeuka. Nikamgusa mkono.

"Niangalie," nikamwambia.

Akageuka. Nikainamisha kidevu, nikameza, nikameza tena. Uso wangu ulikuwa unawaka. Machozi yalianguka kwenye uji, na uji huo ambao haukuwa na ladha yoyote ulikuwa mgumu kuliko kitu chochote nilichowahi kumeza. Alitazama hadi bakuli likawa tupu, mikono yake imekamata ukingo wa meza kama mtu aliye ndani ya mtumbwi.

"Kumbe unatafunaka kwa upande wa kushoto," akasema. "Hata uji."

"Jino."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Sikujua," akasema. "Siku hizi zote, sikujua."

Tangu siku ile tulikula pamoja. Mionzi ilimalizika miti ya barabara yetu ilipoanza kutoa machipukizi, na mlo wetu ukahamia barazani, kwenye kile kibaraza kidogo cha ghorofa yetu kinachotosha viti viwili. Emine, ambaye naye alikuwa amemaliza matibabu yake, alileta supu ya dengu iliyosagwa laini na kunisimamia mpaka nionje. Jumamosi Anselme alipanda tramu hadi soko la Flagey kutafuta samaki asiye na miiba, akarudi amechoka na mwenye kiburi. Alinihesabia kumeza kama kocha. "Kidevu chini. Meza. Tena. Voilà." Siku moja aliweka uma wake chini akanitazama kwa muda.

"Sasa najua juu ya nini baba yako alinikatazaka. Unakulaka polepole sana, Mungu wangu! Ningejua, ningekukimbia."

Nilicheka, na sauti ikatoka, nyembamba lakini yangu. Chumvi ilirudi majira ya joto, kwenye nyanya. Nilimwambia, naye akataka kuonja nyanya ileile, kipande kilichong'atwa, akakitafuna kwa makini kana kwamba hajawahi kuonja chumvi. Na nilijifunza kwamba alikuwa bado ananiambia lile neno. Alikuwa akiniambia kwa kukaa.

Picha walizopiga mwishoni mwa majira ya joto hazikuonyesha ugonjwa. Anselme aliinua kofia yake kumsalimu daktari kama mtu anayesalimu bendera.

Majani yalipoanguka tena, moyo wake ulisimama. Ilikuwa asubuhi, alikuwa ameketi kitandani akifunga viatu aende misa. Kamba ya kiatu kimoja ilikuwa imefungwa. Nilifunga ya pili kabla watu hawajaja. Hakuumwa, na kwa hilo ninashukuru kila siku, ingawa kuna siku ninashukuru kwa meno yaliyokazwa. Tulimzika hapa, mbali na milima, kwenye udongo mzito wenye maji. Kwaya iliimba Kiswahili. Mimi sikuweza kuimba, lakini kusali kwa sauti niliweza, na watu walinisikia hadi safu ya mwisho.

Wanaoniuliza kama nina uchungu kwamba tulipata majira mawili tu ya kula pamoja baada ya maisha yote, nawajibu kwamba ndiyo, ninao. Sitawadanganya kwa sababu mimi ni mtu wa sala. Nauweka uchungu huo mbele ya Mungu jinsi ulivyo. Na hapohapo namshukuru kwa yale majira mawili, kwa sababu ugonjwa ndio uliotufungulia mlango, na sijui jinsi ya kuyatenganisha haya mawili. Nimeacha kujaribu.

Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa tena. Daktari alinitazama kooni, akamwita yule msichana wa kufundisha kumeza, wakanipa maji na biskuti, wakatazama pamoja. Wote wawili walitabasamu.

"Habari njema, madame," msichana akasema. "Hatari ya kupaliwa imekwisha. Hakuna haja tena ya mtu kukaa mbele yako. Unaweza kula peke yako."

Nilimshukuru. Nilimshukuru mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakusikia.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Badala ya kwenda kwenye kituo cha tramu niliingia mgahawa wa hospitali, nikachukua supu kwenye sinia. Karibu na nguzo aliketi mwanamume wa makamo, peke yake. Kwenye mashavu yake niliona alama za matundu madogo madogo, zile ambazo kile kifuniko huacha kwa saa nzima baada ya kutolewa. Supu yake ilikuwa imeganda juu. Alishika kijiko, akakiweka, akatazama watu kama wanamtazama, akakishika tena.

"Naweza kukaa hapa?" nikamwuliza kwa Kifaransa.

Akainua mabega. Nikaweka sinia yangu mbele yake, uso kwa uso. Nilifungua ile skafu ya Emine ili aione shingo yangu. Kisha nikachota supu, nikainamisha kidevu kifuani, nikameza, nikameza tena kabla ya kuvuta pumzi, polepole sana, ili aone jinsi inavyofanyika.